Mbunge wetu kasimama mara ngapi sio swali, swali ni alipokaa chini alikuwa amepata nini

Juzi nilikuwa Uyole pale Mbeya nasubiri gari la Tukuyu, mvua inanyesha ile ya kwetu isiyojua kukata, tumejibanza kwenye kibanda cha mama muuza chai, wazee wawili wakaanza kubishana kuhusu mbunge wao. Mmoja anasema huyu ni bubu, tangu tumpe kura sijawahi kumsikia hata redioni. Mwenzake akatoa simu akafungua tovuti ya Bunge, akamwonyesha ukurasa wa mbunge, haya ona mwenzangu, maswali ya msingi haya hapa, ya nyongeza haya, michango hii hapa, bubu gani huyu? Yule wa kwanza akaangalia kidogo akauliza, sasa mbona barabara ni ile ile?

Gari likaja ubishi ukaishia hapo, ila mimi swali limenikaa kichwani mpaka leo, kwa sababu yule mwenye simu ana haki, mbunge ameongea kweli, na yule wa barabara naye ana haki, matope yapo na viazi vinaozea shambani. Katikati ya hao wawili kuna kitu hatujawahi kuelezwa vizuri sisi wapiga kura, kwamba mbunge wa kawaida, yaani yule asiye waziri wala naibu waziri, anayekaa viti vya nyuma kule Dodoma, anafanya kazi gani hasa, na utajuaje kama anaifanya.

Tuanzie kwenye hela maana hapo ndo penye mkanganyiko mkubwa. Mbunge hana bajeti ya barabara, hana bajeti ya zahanati. Kitu pekee anachokaribia kukishika ni Mfuko wa Jimbo, ule uliowekwa kwa sheria ya 2009, ambapo yeye ni mwenyekiti wa kamati yake, na ni hela ndogo ya kusukuma nguvu za wananchi, bati za darasa, saruji, vitu vya namna hiyo. Zaidi ya hapo Katiba ya 1977 imempa kazi nyingine kabisa. Ibara ya 63 inasema Bunge ndo chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Kusimamia na kushauri. Alafu ibara ya 99 inamfunga mkono upande wa pili, mambo ya kuongeza kodi au matumizi ya Serikali hayawezi kuanzia kwa mbunge, lazima yaletwe na Serikali yenyewe. Kwa hiyo akisimama kwenye jukwaa la kampeni pale Makambako akisema nitawaletea lami, ukweli ni kwamba anachoweza kukuletea ni presha kwa wenye hela, na silaha yake kubwa ni kumfanya waziri aseme kitu kinachoshikika, kwenye rekodi, ambacho mwaka kesho anaweza kukamatwa nacho.

Ukishalielewa hilo ndo unaona kwa nini hesabu ya mara ngapi kasimama haikupi jibu. Maswali 40 yaliyojibiwa hewa hayafikii swali moja lililotoa tarehe na kiasi.

Sasa chukua swali lenyewe linavyokwenda. Asubuhi saa 3 baada ya dua kinaanza kipindi cha maswali. Swali la msingi mbunge alishalipeleka kwa maandishi muda mrefu kabla, wizara imeandaa jibu, naibu waziri analisoma tu. Hapo hakuna cha kushtukiza. Cha kushtukiza ni maswali ya nyongeza, yale mawili anayopewa muulizaji baada ya kusikia jibu, na kama hukuwahi kuyasoma hayo basi hujawahi kumpima mbunge wako. Kwa sababu jibu la kwanza karibu kila mara lina maneno yale yale, Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo, itajengwa kwa kadri ya upatikanaji wa fedha. Mbunge aliyejiandaa hapo anabana: fungu lipi, mwaka wa fedha upi, mkandarasi amepatikana au bado, wananchi ambao nyumba zao zimewekewa alama ya X zibomolewe watalipwa fidia lini? Asiyejiandaa anashukuru kwa majibu mazuri ya Serikali, alafu anauliza kuhusu barabara nyingine kabisa, ya kwanza inakufa pale pale. Kwenye hesabu ya tovuti wote wawili wana alama sawa.

Na majibu yenyewe yana lugha yake ambayo mkulima wa Isongole akiisikia redioni anaweza kushangilia bila sababu. Upembuzi yakinifu maana yake wanaangalia kama mradi una maana na utagharimu nini, bado hakuna kitu. Usanifu wa kina maana yake wanachora, na mchoro unaweza kukaa kabatini miaka. Baada ya hapo kuna zabuni, kuna fidia, kuna mkataba, ndo greda lije. Mradi unaweza kukaa kwenye upembuzi yakinifu awamu mbili za ubunge na kila mwaka ukasikika kama habari mpya. Alafu kuna lile neno 'imetengewa'. Jamani, kutengwa na kutolewa ni vitu viwili tofauti. Bajeti ikipitishwa Juni imesema barabara fulani imetengewa kiasi fulani, hiyo ni ruhusa ya kutumia, hela halisi inatoka Hazina kwa vipande mwaka mzima na inaweza isitoke yote, na hapo ndo swali zuri la mbunge linapotakiwa kuwa la Februari, kwenye nusu ya pili ya mwaka wa fedha: kati ya kilichotengwa kimetoka kiasi gani mpaka leo. Ukimwona mbunge anauliza hivyo, huyo anafuatilia.

Hapo hapo kuna suala la kuuliza mlango sahihi. Barabara kuu na za mkoa ziko TANROADS chini ya wizara ya ujenzi, za wilayani na vijijini tangu 2017 ziko TARURA chini ya TAMISEMI, ile ofisi ya Rais inayosimamia serikali za mitaa. Barabara nyingi zinazotutesa sisi, za kutolea viazi na chai na parachichi Rungwe, za mbao na chai kule Mufindi, ni za TARURA. Mbunge anayempigia kelele waziri wa ujenzi kwa barabara ya TARURA anapata makofi, ila jibu lake litakuwa barabara hiyo haiko chini ya wizara yetu. Ndo maana wengine wanapigania kwanza barabara ipandishwe hadhi iende TANROADS, na hiyo safari inapitia vikao vya barabara vya mkoa, ambako mbunge naye ni mjumbe, na ambako hakuna kamera.

Tuje kwenye michango. Mchango ni pale mbunge anapochangia hotuba ya wizara au muswada, mara nyingi anapewa dakika 10, siku zikibana 5. Ukisoma Hansard, ile taarifa rasmi ya majadiliano neno kwa neno, utaona imeandikwa kwenye mabano Makofi, na mwishoni kwamba kengele imelia kuashiria kwisha kwa muda wa mzungumzaji. Mimi huwa naangalia kitu kimoja, dakika za kwanza zimeenda wapi. Kuna mtu anamshukuru Mungu, anampongeza Rais, Waziri Mkuu, Spika, waziri, naibu waziri, katibu mkuu, familia, wapiga kura, kengele ya kwanza inagonga ndo anaingia kwenye mbolea. Heshima ni jambo jema na kwetu tumelelewa nayo, lakini hizo dakika sio zake, ni zetu. Na ujue pia kuna mchango wa maandishi, mbunge ambaye hakupata nafasi ya kusema anaandika na unaingia kwenye Hansard. Hiyo ni halali na saa zingine mchango wa maandishi una hoja nzito kuliko wa mdomo, kwa hiyo usiseme mbunge kakaa kimya mpaka uwe umeangalia na huko mwishoni.

Kinachowachanganya watu wengi ni hiki, mbunge anaichana wizara dakika 8 nzima, mpaka unasema leo leo, alafu anamalizia naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja. Watu wanasema mnafiki. Mimi nasema subiri kwanza uone kamba alizofungwa. Kwa ibara ya 71 mbunge akipoteza uanachama wa chama chake anapoteza na kiti. Kura ya mwisho ya bajeti ya Serikali inapigwa kwa kuitwa jina moja moja, kila mtu anasikika kasema nini. Na ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge kama limeikataa bajeti, maana yake wote wanarudi kwa wananchi kuomba kura. Kwa mbunge wa chama tawala kuikataa bajeti ni kuweka kiti chake mezani, na hata wa upinzani asiyeunga mkono kura yake peke yake haibadilishi hesabu. Kwa hiyo kura ya mwisho haikuambii kitu kuhusu uzito wa mbunge. Angalia kilichotokea kabla ya kura.

Na kabla ya kura kuna kitu kinaitwa kushika shilingi. Kila wizara ikimaliza mjadala Bunge linakaa kama Kamati ya Matumizi, linapita fungu kwa fungu, mfano kilimo ni Fungu 43, na kwenye mshahara wa waziri mbunge anasimama anasema asipopata maelezo ya kuridhisha anakusudia kutoa shilingi. Shilingi moja yenyewe haina maana, maana iko kwenye kinachofuata: hoja yake inafunguliwa, wenzake wanaruhusiwa kuichangia, waziri analazimika kusimama tena kujibu jambo hilo moja tu. Kwa mbunge wa viti vya nyuma hapo ndo mahali pekee penye bajeti ambapo ajenda inakuwa yake. Mwisho wake mara nyingi anairudisha shilingi, na watu wanasema karudi nyuma, lakini cha kuangalia ni aliirudisha kwa ahadi gani. Kama waziri amesema nitakuja jimboni kabla ya tarehe fulani au tutatoa tamko kwenye mkutano ujao, hiyo shilingi imefanya kazi. Ila muda ukiisha inaingia gilotini, mafungu yaliyobaki yanapitishwa kwa mkupuo bila maelezo, na ndo maana wabunge wanagombania kuwahi majina yao yaorodheshwe.

Sasa kamati. Nimeziacha mpaka hapa makusudi, maana kazi kubwa ya mbunge wa kawaida iko huko na sisi hatuioni kabisa. Spika anawapanga wabunge kwenye kamati za kudumu, wao wenyewe wanachagua mwenyekiti. Muswada ukishasomwa mara ya kwanza haujadiliwi, unapelekwa kamati, wadau wanaitwa kutoa maoni, na huko ndo kifungu kinaweza kubadilishwa kweli kabla hakijafika ukumbini. Mbunge mmoja anaweza kuleta jedwali la marekebisho, neno 'anaweza' likageuzwa kuwa 'lazima', au faini ikashuka, na neno hilo moja likagusa maelfu ya watu. Hiyo haitarushwa kwenye taarifa ya habari. Ubaya wake ni pale muswada unapokuja kwa hati ya dharura, kama ilivyokuwa kwa sheria za madini na rasilimali katikati ya 2017, hapo muda wa wadau unabanwa sana na mkulima wa Mbozi au mchimbaji wa Chunya hata hajui kuna kitu kinapita.

Kamati ambayo mimi naona inatugusa zaidi ni LAAC, ya hesabu za serikali za mitaa. CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, anakabidhi ripoti yake kwa Rais mwisho wa Machi, Aprili inawekwa mezani bungeni, alafu kamati inawaita wakurugenzi wa halmashauri mmoja mmoja na hoja zao za ukaguzi. Makusanyo ya ushuru ambayo hayakupelekwa benki, hela mbichi zilizotumiwa kabla ya kuingizwa kwenye akaunti, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri iliyokopeshwa vikundi visivyoonekana. Hii mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu mnaikumbuka ilisimamishwa 2023, ikaja kurudi 2024 na utaratibu mpya, na ripoti za CAG kuhusu marejesho yasiyorudi zilikuwa sehemu kubwa ya mjadala ule. Mbunge aliyekaa LAAC akasoma makabrasha usiku na asubuhi akamuuliza mkurugenzi risiti namba fulani iko wapi, huyo amefanya kazi ya watu wengi, na kwenye kijiwe chetu bado ataitwa bubu.

Kama unataka ushahidi kwamba wa viti vya nyuma anaweza kutikisa, kanda yetu hii hii ya Nyanda za Juu Kusini imetoa mifano miwili mikubwa kuliko sehemu nyingi za nchi. Wa kwanza ni Dk. Harrison Mwakyembe, 2007 alikuwa mbunge wa Kyela tu, hana uwaziri. Ule mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond wa 2006, megawati 100, ulikuwa umeleta maneno mengi, Bunge likaunda kamati teule Novemba 2007 yeye akiwa mwenyekiti. Februari 2008 akasoma ripoti ukumbini, na tarehe 7 Waziri Mkuu Edward Lowassa akatangaza kujiuzulu, na mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha nao wakaondoka. Kilichofanya kazi pale ni kwamba kamati ilikuwa na mamlaka ya kuita watu na nyaraka, na ripoti ikaandikwa kwa vielelezo. Na Spika, Samuel Sitta, aliachia mjadala uende. Hilo la Spika ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu anayekupa dakika, anayeruhusu hoja iingie, ni yeye.

Wa pili ni Deo Filikunjombe wa Ludewa, Mungu amrehemu. Alikuwa wa chama tawala na makamu mwenyekiti wa PAC, kamati ya hesabu za Serikali, mwenyekiti akiwa Zitto Kabwe wa upinzani. Novemba 2014 kamati hiyo ikaleta ripoti ya akaunti ya Tegeta Escrow, ile ya hela za mgogoro wa umeme kati ya TANESCO na kampuni ya IPTL, na kufikia Januari 2015 Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alikuwa amejiuzulu, Profesa Anna Tibaijuka ameondolewa uwaziri, Profesa Sospeter Muhongo naye amejiuzulu. Filikunjombe alifariki kwa ajali ya helikopta Oktoba 2015, siku chache kabla ya uchaguzi. Kuna watu Ludewa mpaka leo ukilitaja jina lake wananyamaza kwanza. Angalia walichofanana wawili hawa, nguvu yao ilitoka kwenye makaratasi ya kamati.

Ila tusidanganyane kwamba mlango uko wazi muda wote. Ibara ya 100 inampa mbunge kinga, hashtakiwi mahakamani kwa alichosema bungeni, lakini Bunge lenyewe linaweza kumwadhibu. Zitto alisimamishwa 2007 baada ya hoja yake ya mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi. Juni 2024 Luhaga Mpina, wakati huo mbunge wa Kisesa kwa chama tawala, alifungiwa vikao 15 baada ya kumtuhumu waziri wa kilimo kuhusu vibali vya sukari na kuzungumza na vyombo vya habari juu ya ushahidi aliompelekea Spika. Na mapema 2016 matangazo ya moja kwa moja ya TBC yalipunguzwa, ndo kipindi wengi tulianza kusema wabunge wamenyamaza, kumbe sehemu ya ukimya ule ilikuwa kwenye televisheni zetu.

Kuna jambo moja gumu ambalo sijui kama lina dawa, ni la nani kaleta nini. 2022 mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulipita laki, tuliolima mahindi msimu ule tunajua. Wabunge wa mikoa yetu na wa mikoa mingine walipiga kelele, msimu wa 2022/2023 Serikali ikaleta ruzuku, DAP na urea zikashuka mpaka 70,000. Mbunge akija kwenye mkutano akasema mbolea nimeileta mimi, anajipa kikubwa mno, na anayesema kelele zao hazikusaidia kitu naye anakosea. Unachoweza kukagua ni kidogo tu, je wako alikuwemo, alisema nini, na ruzuku ilipokuja na foleni za wakulima kukosa namba ya kuipata alirudi kusema tena? Hapo kwenye kurudi ndo mimi napima. Suala la wanavijiji wa Mbarali na GN namba 28 ya 2008, yaani tangazo la Serikali la mipaka ya hifadhi ya Ruaha, limeulizwa bungeni na mbunge baada ya mbunge, na ukizipanga Hansard zake kwa miaka unaona wazi kauli za Serikali zilivyobadilika. Bila wale waliorudia kuuliza usingekuwa na cha kulinganisha.

Kwa hiyo nilipofika nyumbani siku ile nilifanya kitu ambacho yeyote mwenye simu na bando anaweza. Nimeingia tovuti ya Bunge, nikashusha Hansard, ni mafaili ya kawaida unatafuta neno ndani yake, nikatafuta jina la barabara yetu badala ya jina la mbunge. Nimepata majibu matatu ya miaka mitatu tofauti. La kwanza linasema Serikali inatambua umuhimu. La pili linasema usanifu unaendelea. La tatu linataja kiasi kilichotengwa, na swali la nyongeza halikuuliza kimetoka kiasi gani. Nimeyachapisha yote nakala mbili pale stationari, moja nimempa diwani, moja ninayo mfukoni nikipita tena Uyole nimtafute yule mzee wa barabara, na kikao cha wananchi kikija nimeshaomba nafasi ya kuuliza lile swali la nyongeza ambalo halikuulizwa.